Shauri la Mawe ya Mbinguni

Alasiri ya tarehe 13 Septemba 1768, mnamo saa kumi na nusu, wavunaji waliokuwa mashambani karibu na kijiji cha Lucé, upande wa magharibi wa Ufaransa, walisikia mngurumo kama wa radi. Ukafuata mlio mwingine, ambao baadhi yao waliufananisha na ng'ombe anayelia. Wakatazama juu, wakaona kitu kinashuka kwa kupinda hadi kikatua kwenye majani, kando ya barabara iendayo Le Mans. Wakakikimbilia. Lilikuwa jiwe, nusu yake imezama ardhini, na lilikuwa la moto hata hakuna aliyethubutu kulishika. Woga ukawaingia, wakakimbia. Waliporudi walilikuta palepale, limepoa.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kituo changu cha mwisho kilikuwa Mbozi, wilaya ambayo mgeni hafikishi siku mbili kabla ya kuulizwa kama ameshakwenda kukiona kimondo. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mawe yanayotoka angani. Nilidhani nitasoma habari za nyota. Nikajikuta nasoma habari za mashahidi: nani alisema nini, nani alimwamini, na kwa nini miaka ikapita zaidi ya thelathini kabla ya wasomi wa Ulaya kukubali jambo ambalo wavunaji wa Lucé waliliona kwa macho yao mchana kweupe.

Ushahidi wao, kwa jicho la mtu aliyezeeka akisikiliza mashahidi, ni mzuri. Walikuwa wengi. Hawakuwa na cha kupata. Hawakumsingizia mtu, hawakudai fidia, na walikiri bila kuulizwa kwamba walikimbia. Shahidi anayesimulia jambo linalomwaibisha yeye mwenyewe mara nyingi hasemi uongo.

Kasisi mmoja aitwaye Bachelay alipeleka kipande cha jiwe hilo kwenye Chuo cha Sayansi cha Paris. Chuo kikaunda kamati ya watu watatu, na mmoja wao alikuwa kijana aliyekuwa ameingia chuoni mwaka huohuo wa 1768, Antoine Lavoisier. Ndiye huyo ambaye baadaye angeifanya kemia kuwa sayansi ya mizani na vipimo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, na jambo lililonichekesha nilipolisoma ni kwamba alikuwa amesomea sheria. Alihitimu mwaka 1764. Kamati ikalivunja jiwe, ikalipika, ikalipima. Ikakuta chuma asilimia 36, salfa asilimia 8 na nusu, na iliyobaki udongo wa aina inayoyeyuka ikawa kama kioo. Hukumu yao: jiwe halikutoka juu. Ni jiwe la kawaida la mchanga lenye piriti, yaani madini ya chuma na salfa, lilikuwa limefunikwa na udongo kidogo, radi ikalipiga, ikalifunua na kulichoma ngozi ya juu.

Watu wakiisimulia habari hii leo humfanya Lavoisier kuwa mjinga mwenye kiburi, na mimi siungani nao. Wakati ule kabati za wakusanyaji zilijaa vitu vilivyoitwa mawe ya radi, na vingi vilikuwa uzushi mtupu. Mwaka 1723 Antoine de Jussieu alikuwa ameonyesha, mbele ya chuo hichohicho, kwamba baadhi ya mawe hayo yalikuwa mashoka na ncha za mishale za watu wa kale, yakifanana kabisa na zana walizokuwa wakitumia watu wa visiwa vya Karibi na wa Kanada. Mkulima aliyelima akaokota shoka la jiwe baada ya mvua alisema limeletwa na radi. Hakuona likianguka, aliliokota tu. Kwa hiyo msomi wa Paris aliyesikia tena habari ya jiwe la radi alikuwa na sababu ya kushika mfuko wake.

Kosa la kamati lilikuwa mahali pengine. Mkulima wa shoka alikuwa akieleza alichodhani, wavunaji wa Lucé walikuwa wakieleza walichokiona, na kamati iliwaweka wote kwenye kapu moja. Kwa jinsi nijuavyo hakuna aliyefunga safari kwenda Lucé kuwahoji. Tena kulikuwa na kielelezo mezani ambacho kingetosha kumfanya hakimu aahirishe shauri. Katika kipindi hichohicho chuo kilikuwa kimepokea mawe mengine mawili, moja kutoka Artois, kaskazini, jingine kutoka Coutances, Normandy, nayo yakisemwa kuwa yalianguka. Yalifanana na la Lucé. Kamati iliona kufanana huko, ikakuandika, kisha ikakueleza kwa kusema labda radi hupenda kupiga mawe yenye piriti.

Nimeshasikia utetezi wa namna hiyo. Mshtakiwa akiwa na maelezo kwa kila kuku aliyekutwa bandani mwake, unaanza kuwahesabu kuku.

Mambo yakaendelea hivyo. Tarehe 24 Julai 1790 yakaanguka mawe mengi huko Gascony, kusini magharibi, karibu na Barbotan. Meya akaandika hati, watu zaidi ya 300 wakaithibitisha. Msomi Pierre Bertholon alipoichapisha habari hiyo katika jarida lake, alisikitika hadharani kwamba baraza zima la mji limeweka saini kwenye hadithi za wanavijiji. Idadi ya mashahidi haikumsaidia meya hata kidogo. Kila saini iliyoongezeka ilionekana kuwa dalili kwamba ujinga umeenea zaidi. Hapo ndipo ninapoona ugumu wenyewe. Ukishaamua kwamba jambo haliwezekani, shahidi mmoja ni mwongo na mashahidi mia tatu ni wendawazimu wa pamoja.

Na kwa nini lilionekana haliwezekani? Kwa sababu anga lililorithiwa kutoka kwa Newton lilikuwa tupu. Kulikuwa na jua, sayari, miezi na nyota za mkia, na kati yao hakuna kitu. Mawe yatoke wapi? Wachache waliokubali kuwa yanaanguka walisema yameganda mawinguni, au yametapikwa na volkano. Kwetu Pangani tuliambiwa utotoni kuwa kile kimulimuli kinachokata anga usiku ni kombora la kumfukuza shetani anayetega sikio mlangoni pa mbingu. Hilo ni la imani na sina ugomvi nalo. Nalitaja kwa sababu angalau ndani yake anga halikuwa tupu.

Mtu aliyeligeuza shauri hili alikuwa Mjerumani, Ernst Chladni, mzaliwa wa Wittenberg. Baba yake, profesa wa sheria, alimlazimisha asomee sheria. Akasoma, akamaliza, na baba alipofariki akaiacha, akashika alichokipenda, yaani sauti. Alinyunyiza mchanga juu ya sahani ya chuma, akaikwaruza ukingoni kwa upinde wa fidla, na mchanga ukajipanga wenyewe ukawa nyota na mistari. Kwa maonyesho hayo alizunguka Ulaya akijipatia riziki, maana hakuwahi kupata kazi ya chuo kikuu. Mwaka 1793, akiwa Göttingen, alizungumza na mwanafizikia Georg Christoph Lichtenberg kuhusu mipira ya moto inayoonekana angani. Baada ya mazungumzo hayo akajifungia maktabani kwa wiki tatu hivi, akitafuta kila maelezo ya zamani ya mipira ya moto na ya mawe au vyuma vilivyosemwa kuanguka.

Hakuwa na darubini wala jiko la kemia. Alifanya kazi ya wakili anayesoma majalada. Akayaweka maelezo ya karne tofauti na nchi tofauti bega kwa bega, akaona kwamba watu wasiojuana, wasiosema lugha moja, wengine wakiwa wamezikwa miaka mia kabla wengine hawajazaliwa, wanasema jambo moja: mwanga mkali, mlipuko, mngurumo, kisha jiwe lenye ngozi nyeusi ya kuungua. Mashahidi wakila njama hupatana kwa maneno. Hawa hawakupatana kwa maneno, walipatana kwa jambo. Na kasi ya ile mipira ya moto, kama ilivyokokotolewa, ilikuwa kubwa mno kwa kitu chochote kinachodondoka kutoka wingu. Mwaka 1794 akachapisha kijitabu cha kurasa 63 akisema mambo mawili: mawe na vyuma huanguka kweli, navyo hutoka nje ya dunia, ni mabaki yanayozurura katika anga.

Kielelezo chake kikuu kilikuwa pande la chuma la karibu kilo 700 lililookotwa mlimani huko Siberia, kusini mwa Krasnoyarsk, likaelezwa na mvumbuzi Peter Simon Pallas, aliyeliona mwaka 1772. Chuma kile kina mashimo kama sifongo, na mashimo yamejaa punje za madini ya kijani kama kioo. Wenyeji wa huko walilihesabu kuwa kitu kitakatifu kilichoshuka toka mbinguni. Chladni alionyesha kwamba mahali lilipokutwa hapakuwa na volkano wala dalili za tanuri la kuyeyushia chuma. Wenyeji, basi, walikuwa wamesema kweli.

Kijitabu kilipokelewa kwa dhihaka. Lichtenberg mwenyewe, aliyemtia hamu, inasimuliwa alisema alipokisoma alijisikia kana kwamba moja ya mawe hayo limempiga kichwani. Lavoisier hakupata nafasi ya kujibu. Mwaka huohuo wa 1794, mwezi wa Mei, Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa.

Kisha mbingu zikaanza kutoa ushahidi zenyewe, kwa fujo. Juni 1794 mawe yakanyesha karibu na Siena, Italia, mbele ya watu wengi, lakini saa kumi na nane hivi baada ya mlima Vesuvius kulipuka. Basi kila mtu akamtupia lawama Vesuvius, ingawa uko mbali zaidi ya kilomita 300. Tarehe 13 Desemba 1795 jiwe la kilo 25 likaanguka Wold Cottage, Yorkshire, Uingereza, likatoboa futi moja ya udongo na nusu futi ya mwamba wa chokaa. Mfanyakazi wa shamba, John Shipley, alikuwa hatua chache tu kutoka pale na udongo ukamrukia. Mwenye shamba, Edward Topham, alikuwa mtu wa magazeti na michezo ya kuigiza, na huyu nampenda: aliwaapisha mashahidi wake mbele ya hakimu, akachapisha maelezo yao, akalipeleka jiwe London watu walitazame kwa kiingilio, na mwaka 1799 akajenga mnara wa matofali palepale lilipoangukia. Uingereza haina volkano hai. Vesuvius hangeweza kusingiziwa tena.

Joseph Banks, rais wa chama cha kifalme cha sayansi, akakusanya vipande, vikiwemo vya Siena, vya Yorkshire na vya mawe yaliyoanguka karibu na Benares, India, Desemba 1798, kutoka anga lisilo na wingu. Akampa mkemia kijana Edward Howard. Howard, akisaidiwa na Jacques-Louis de Bournon, mkimbizi wa Kifaransa aliyejua madini, hakulisaga jiwe zima kama Lavoisier. Walichambua kila jiwe sehemu sehemu: punje za chuma kando, piriti kando, chembe za duara kando. Mwaka 1802 Howard akatangaza kwamba punje za chuma katika mawe yote zina nikeli, na kwamba vyuma vikubwa vilivyookotwa sehemu mbalimbali, cha Pallas kikiwamo, navyo vina nikeli. Mawe ya Italia, Uingereza na India yalifanana yenyewe kwa yenyewe zaidi kuliko yalivyofanana na jiwe lolote la mahali yalipoangukia.

Na anga nalo halikuwa tupu tena. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801 Giuseppe Piazzi wa Palermo alikuwa ameona kitu kidogo kikizunguka jua kati ya Mars na Jupiter, akakiita Ceres. Mwaka uliofuata kikaonekana kingine.

Kilichobaki kilikuwa safari, na ilifanyika. Tarehe 26 Aprili 1803, mnamo saa saba mchana, mawe zaidi ya elfu mbili yakaanguka karibu na mji wa L'Aigle, Normandy. Waziri wa mambo ya ndani, Chaptal, mwenyewe mkemia, akamtuma Jean-Baptiste Biot, mwenye umri wa miaka 29, aende akachunguze. Ripoti yake nimeisoma kwa tafsiri, na laiti wapelelezi wote wangeisoma. Hakwenda moja kwa moja L'Aigle, ambako angekuta kila mtu ameshakariri hadithi ya mwenzake. Alianzia Alençon, mbali kwa upande wa magharibi, akauliza watu wa huko walisikia nini siku ile na upande gani. Njiani akawauliza madereva wa magari ya farasi na wasafiri. Alipofika eneo lenyewe alikuwa tayari na ushahidi wa watu ambao hawakuwa na habari ya mawe. Walikuwa na habari ya mlio na mwanga tu, wenye saa na upande.

Aliutenga ushahidi mafungu mawili, wa vitu na wa watu. Kwa upande wa vitu alitembelea viwanda vya chuma na machimbo ya eneo lile, akatazama makusanyo ya madini, akathibitisha kwamba kabla ya siku ile hakuna aliyekuwa na jiwe la namna hiyo, na baada yake yametapakaa kila mahali. Kwa upande wa watu alikwenda kitongoji kwa kitongoji, akahoji mapadri, wanajeshi wa zamani, vibarua, wanawake na watoto. Akachora ramani. Mawe yalikuwa yameanguka katika umbo la duara lililovutwa, urefu zaidi ya kilomita kumi, makubwa yakiwa upande mmoja na madogo upande mwingine, kama inavyopaswa kuwa kitu kikipasukia angani kikiwa mbioni. Hakuna mwanakijiji aliyekuwa ameliona umbo hilo. Kila mmoja alijua shimo la shambani kwake tu, na umbo likajitokeza baada ya mashimo yote kuwekwa kwenye karatasi moja.

Biot alisoma ripoti yake Paris mwezi Julai 1803, na baada ya hapo wa kubisha walibaki wachache. Baraza lilikuwa lilelile kwa jina jingine, maana chuo cha zamani kilikuwa kimevunjwa na mapinduzi na mahali pake ikasimama taasisi mpya ya taifa.

Isidhaniwe kwamba walipata kila kitu. Biot na wengi wa rika lake walikubali kwamba mawe yanaanguka, lakini wakayapa chanzo kibaya: Laplace alikuwa amependekeza kwamba yametapikwa na volkano za mwezini, na rai hiyo ilikuwa na wafuasi kwa miaka mingi. Chladni, aliyesema yanatoka mbali zaidi, alifariki mwaka 1827 jambo hilo likiwa bado linabishaniwa. Miaka mia na hamsini na mitano baadaye, 1982, huko Antaktika likaokotwa jiwe lililothibitika kutoka mwezini, likiwa limerushwa na kishindo cha kugongwa. Kwa hiyo hata Laplace ana kesi moja ya kuonyesha.

Kuna kauli inayorudiwa vitabuni kwamba rais wa Marekani, Thomas Jefferson, alipoambiwa mawe yameanguka Weston, Connecticut, Desemba 1807, alijibu kuwa ni rahisi zaidi kuamini maprofesa wamedanganya. Hakuna maandishi ya wakati ule yenye maneno hayo. Barua yake ya mwaka 1808 iliyopo ni ya mtu mwangalifu anayetaka uthibitisho zaidi. Inafurahisha kwamba hadithi ya kuwacheka wasomi waliokataa mashahidi inategemea neno lisilo na shahidi.

Sasa Mbozi. Kimondo cha Mbozi ni kesi ya kinyume kabisa. Kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kina urefu wa kama mita tatu, uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, na ni chuma kwa asilimia 90 hivi, kikiwa na nikeli kati ya asilimia 8 na 9. Wanyiha, wenyeji wa hapo, walikijua tangu zamani. Kwenye vitabu kiliingia mwaka 1930, baada ya mpima ardhi W. H. Nott kukikuta kikiwa kimezama ardhini. Kikachimbwa kuzunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake. Hakuna shimo la kishindo lililobaki, na hakuna simulizi ya wenyeji ya siku kilipoanguka. Kilitua zamani mno. Hakuna hata shahidi mmoja, si mzuri wala mbaya. Na bado hakuna mwanasayansi anayebisha kwamba kilitoka angani, kwa sababu kielelezo chenyewe kinazungumza, kwa lugha ya nikeli ambayo Howard aliwafundisha watu kuisikia. Lavoisier angekutana nacho angekitafutia radi kubwa sana.

Na huko Uganda kuna Mbale. Tarehe 14 Agosti 1992, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kimondo kilipasuka juu ya mji na mawe yakatapakaa kwenye eneo la kilomita tatu kwa saba. Safari hii wataalamu walifika mapema, wakahoji watu, wakaweka kwenye ramani sehemu 48 yalipoangukia mawe. Kufikia Oktoba 1993 walikuwa na uzito wa vipande 863. Kimoja, cha gramu 3.6, kilipita kwenye jani la mgomba, likapunguza kasi yake, kikamgonga mvulana kichwani bila kumdhuru. Maneno ya mvulana yakaandikwa katika makala ya kisayansi pamoja na mengine, bila mtu kuuliza baba yake ni nani.

Wapo pia Mbale waliolisaga jiwe hilo wakalitumia kuwa dawa, wakitumaini litaponya ukimwi, ambao mwaka ule ulikuwa ukimaliza familia nzima nzima nchini Uganda. Walikuwa watu walewale waliowaonyesha wataalamu mashimo. Kama ningekaa mimi kusikiliza, ushahidi wao juu ya saa, mlio na shimo ningeupokea wote; juu ya dawa ningewaomba wamlete daktari.